Herufi za diski wakati wa kupiga Windows upya: ipi C, ipi D, na kwa nini D hugeuka E

SWALI: Assalaamu alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete, na mimi ndiye ninayeshika kompyuta ya ofisi ya taaluma. Mashine imekuwa nzito mno, nimeambiwa dawa yake ni kupiga window upya, yaani kusakinisha Windows upya. Tuna C ya Windows, na D tunamoweka matokeo ya wanafunzi tokea 2016 pamoja na programu ya matokeo aliyotutengenezea mwenzetu kwa Access, ile programu ya Office ya kuwekea kumbukumbu. Mara ya mwisho fundi alipopiga window, D iligeuka E na ile programu ikakataa kufunguka, ikisema njia si sahihi. Tulihangaika wiki nzima. Safari hii nimejaribu mwenyewe. Nimefika pale pa kuchagua diski, nikakuta vipande vitano na hakuna C wala D. Pameandikwa tu Drive 0 Partition 1 mpaka 5: MB 100, MB 16, GB 118.4, MB 600 na kitu, na GB 346.5. Nikaogopa, nikazima. Windows ya zamani bado inawaka. Ipi ndiyo C? Na nifanyeje D ibaki D?

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Kuzima pale ulipoingiwa na shaka ulifanya la maana, na mpaka hapo hujapoteza hata faili moja. Kuifungua ile skrini na kuitazama hakufuti kitu. Kinachofuta ni kubonyeza Delete au Format, na hivyo viwili havingoji mwisho wa safari: ukikubali tu, kazi imeshafanyika.

Nikupe jibu la haraka kwanza. C yako ni Partition 3, ile ya GB 118.4. D yako, yenye matokeo, ni Partition 5, ile ya GB 346.5. Lakini usiende kuformati kwa kunitegemea mimi peke yangu, maana mashine siioni, nimehesabu kwa ukubwa ulionitajia tu. Iwashe Windows ya zamani, fungua This PC, utazame C ina ukubwa gani na D ina ukubwa gani. Namba zikilingana na hizo, umeshazijua, na kuanzia hapo herufi isikubabaishe tena.

Sasa nieleze zimekwenda wapi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoteza mali zao, na mafundi wamo.

Wengi tunaamini kwamba ile D imeandikwa kwenye diski yenyewe. Haimo. Herufi inatolewa na Windows inayowaka wakati ule, na Windows inaiweka katika daftari lake ndani ya rejistri, yaani ghala la mipangilio yake, mahali panapoitwa MountedDevices. Humo imeandika kwa lugha yake: kipande chenye alama kadha kiitwe D, kile cha DVD kiitwe E. Daftari hilo limo ndani ya C. Ukiiformati C, daftari umelichoma. Windows mpya inaamka haijui kwamba kuna kitu nyinyi mlikuwa mkikiita D, inapita diski moja baada ya nyingine na kuzigawia herufi kwa utaratibu wake. Flashi ya kusakinishia ikiwa bado imechomekwa, au mashine ikiwa na DVD, mojawapo inaweza kuwahi D, na matokeo yako yakasukumwa E au F. Hivyo ndivyo ilivyowapata mara ile. Mafaili yalikuwa mazima, yamebadilishiwa anuani tu.

Fikiria jahazi linalotoka Unguja kuja Pemba. Bandarini Malindi limefungwa mahali fulani pa gati, likifika Mkoani linafungwa pengine, kila bandari inalipanga inavyoona. Mtu akikuambia mzigo wako umo katika jahazi la tatu kutoka mwisho, akawa anasema habari za Malindi na wewe uko Mkoani, utashusha mzigo wa mwenyewe. Lakini jina lililopakwa rangi kwenye tezi linakwenda nalo bandari zote. Herufi ya diski ni mahali pa gati. Diski nayo ina jina lake la kupakwa rangi, linaitwa lebo, nalo linaandikwa ndani ya kipande chenyewe, kwa hiyo Windows yoyote itakayokuja italisoma. Yako haina jina, ndiyo maana pale hukuona kitu zaidi ya namba. Tutaipa.

Utaratibu wa herufi wenyewe ni wa zamani sana, ulikuwamo katika CP/M, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Gary Kildall, miaka ya 1970. Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, mwaka 1981, ilitumia diski laini, zikawa A na B. Diski ngumu ilipoingia kiwandani kwao na IBM PC XT mwaka 1983 ikachukua herufi iliyofuata, C, na hapo ndipo imebaki mpaka leo, ingawa wanafunzi wako wengi hawajapata kuiona diski laini kwa macho.

Ile flashi ya kusakinishia nayo ni Windows ndogo inayojitegemea, ina daftari lake tupu. Yenyewe inajiita X. Ndiyo maana kwenye skrini ya kuchagua diski Microsoft wameacha kabisa kuonyesha herufi, wanaonyesha namba ya diski na namba ya kipande. Wamefanya vizuri. Khatari inakuja kwa anayefungua dirisha jeusi la amri ndani ya flashi ile ile, kwa Shift na F10, maana humo herufi zinatokea, na zinaweza kuwa tofauti kabisa na alizozizoea.

Mimi yamenifika. Mwaka 2014 nililetewa mashine ya studio moja ya picha Mchangani. Ilikuwa na diski mbili: ndogo ya kasi ya GB 120 yenye Windows, na kubwa ya zamani ya GB 500 yenye picha za harusi za watu. Windows ilikuwa haiwaki. Nikafungua dirisha jeusi nikiwa ndani ya diski ya kusakinishia, na kwa kuwa maisha yangu yote C ni Windows, nikaandika format c: /q nikabonyeza Y. Katika ile Windows ndogo, diski kubwa ndiyo iliyokuwa imetangulia kwenye waya, ikawa imepewa C. Niligundua nilipoona maandishi ya ukubwa yanapita, na namba yake si 120. Mikono ilinilegea. Nikachomoa umeme, nikaitoa diski ile nisiandike juu yake hata herufi moja, nikaipeleka kwenye mashine nyingine yenye programu ya kurejesha mafaili. Kwa kuwa ilikuwa ni format ya haraka, picha nyingi zilirudi. Majina yake hayakurudi. Mwenye studio alikaa wiki kadhaa akifungua picha moja moja kujua bibi harusi huyu ni wa nani.

Ninalokumbuka zaidi katika kisa kile ni hili: amri ya format, ikikuta diski yenye jina, haikubali mpaka uliandike jina lake kwanza. Diski ile ingeitwa HARUSI, ningeulizwa jina, ningeandika jina jingine, ingenikatalia, nami ningeamka. Haikuwa na jina, ikaniuliza ndiyo au hapana tu, na kidole kimezoea ndiyo. Tangu siku hiyo mashine haitoki mikononi mwangu bila kila kipande kuwa na jina.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, Mwalimu, ifanye leo hii, kabla ya kuigusa tena flashi ya Windows. Fungua This PC, bofya D kwa kitufe cha kulia, chagua Rename, andika MATOKEO. Nenda C, iandikie WINDOWS. Ni dakika moja. Utakaporudi kwenye ile skrini iliyokutisha, pembeni ya Partition 5 patasomeka MATOKEO, na macho yako hayatahitaji kuhesabu.

Ukishamaliza, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Utaona diski yako imechorwa kama mkanda uliokatwa vipande, kila kimoja na ukubwa wake, jina lake na herufi yake. Piga picha kwa simu, ioneshe na kipande cha DVD chini. Hiyo ndiyo ramani yako ya namna mambo yalivyokuwa kabla.

Halafu nakala. Najua utaniambia D hatuigusi. Hatuigusi, na bado nakuomba uinakili. Folda ya matokeo ya skuli kwa kawaida haizidi flashi ya kawaida, iwe ni maelfu ya mafaili. Nakili kwa Copy, usitumie Cut, maana Cut ikikatika njiani unabaki na nusu huku na nusu huku. Ukimaliza, ichomoe flashi ile, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili matatu manne ya miaka tofauti, ya 2016 yawemo. Nakala usiyoifungua bado hujaijua kama ni nakala. Ikisha iweke nyumbani, isikae mezani karibu na mashine unayoifanyia kazi, usije ukaiformati nayo kwa kuidhania kuwa ndiyo ya Windows.

Na hapa naomba usome pole pole: Desktop imo ndani ya C. Documents imo ndani ya C, Downloads imo ndani ya C, isipokuwa kama kuna mtu alizihamisha kwa makusudi. Kila nikiulizwa "fundi, faili langu limekwenda wapi?" baada ya window mpya, mara nyingi mwenyewe alikuwa ameliweka Desktop kwa kuwa ndipo analiona kila siku, akaamini liko salama kwa kuwa "vitu vyetu viko D". Waulize walimu wote wanaotumia mashine hiyo. Mtihani alioutunga mtu jana usiku upo Desktop, nakuhakikishia. Zihamishe zote kwenye folda moja ndani ya D, na uzitie kwenye ile nakala.

Jengine linaloumiza watu siku hizi, ambalo zamani halikuwepo, ni kufuli la BitLocker. Mashine nyingi mpya hufunga diski zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe hana habari. Ukiwa ndani ya Windows ya zamani huoni tofauti yoyote, kwa kuwa yenyewe ina ufunguo. Windows mpya haina. Ikiwaka itakuonyesha D yenye alama ya kufuli, ikudai ufunguo wa tarakimu 48, na kama hunao, yale matokeo yamo mle lakini hakuna fundi wa Unguja, Pemba wala kwingine atakayeyatoa. Basi tafuta neno cmd kwenye menyu, lifungue kwa Run as administrator, andika manage-bde -status, utazame mbele ya C na ya D. Penye Protection Status pakisema Protection Off na penye Conversion Status pakisema Fully Decrypted, huna kufuli, endelea. Pakisema vyengine, ondoa kufuli la D kwanza ndani ya Windows ya zamani, usubiri imalize kabisa, hata kama ni saa mbili tatu. Njia nyingine ni kuuhifadhi ufunguo kwenye karatasi, lakini mimi napenda liondoke kabisa kabla ya kazi.

Kabla hujaiaga C, angalia na Office yenu ni toleo gani. Si matoleo yote yana Access ndani yake, na kuna skuli zimepiga window vizuri, herufi zimekaa vizuri, halafu wakakuta Office waliyowekewa ina Word na Excel tu, programu yao haina pa kufungukia. Fungua Word, nenda File, kisha Account, uandike jina la toleo unaloliona. Na ukiwa hapo hapo, bofya kulia ile alama ya programu ya matokeo, tazama Properties, unakili njia yake yote kama ilivyo. Utaihitaji.

Siku ya kazi yenyewe ina mambo machache kuliko siku ya matayarisho. Umeme: mashine ya mezani iwe kwenye UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba. Sisi tuliokuwa Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima kwa miezi mitatu, tulifanya kazi hizi kwa majenereta ya dukani yaliyokuwa yakizimika bila taarifa, na nilijifunza kwamba kusakinisha kukikatika njiani unaanza upya tu, ila kupunguza au kuongeza ukubwa wa kipande kukikatika njiani kunaweza kuondoka na kila kilichomo. Kwa hivyo kama umeshawishiwa siku hiyo hiyo uiongeze C kwa kuikata D, nakuomba usifanye. Ifanye siku nyingine au usiifanye kabisa.

Chomoa kila kitu kisichohitajika: diski ya nje, flashi nyingine, kisomeo cha kadi za kamera. Kwenye Windows XP kisomeo cha kadi kilikuwa kinachukua herufi nne kwa mpigo, nami niliwahi kuona Windows imejisakinisha yenyewe kuwa H, na ilikuwa hairekebishiki ila kwa kuanza upya. Tangu Windows Vista, ukiwasha mashine kwa flashi, Windows mpya inajiita C popote inapokaa, hilo halikusumbui tena. Lakini nasema uwashe mashine kwa flashi. Ukiifungua setup, yaani programu ya kusakinishia, kwa kuibofya ndani ya Windows ya zamani, ikaenda kukaa kwenye kipande kingine, inaweza kurithi herufi iliyokuwa ikionekana huko, ukajikuta na Windows inayoishi D maisha yake yote.

Wewe una diski moja, kwa hiyo hili linakupita, ila nalisema kwa ajili ya wengine: mwenye diski mbili aing'oe waya ile isiyohusika. Windows ikikuta sehemu ya kuwashia kwenye diski nyingine inaweza kuweka mafaili yake ya kuwashia kule, na siku utakapoitoa diski ile mashine haiwaki, ukashangaa.

Ukifika kwenye orodha ya vipande, chagua Partition 3, iliyoandikwa WINDOWS, bonyeza Format, kubali, kisha Next. Basi. Partition 1 ya MB 100 ndiyo inayowasha mashine, Partition 2 ya MB 16 ni akiba ya Windows yenyewe, Partition 4 ni ya kurekebishia matatizo. Ziache. Wapo mafundi wanaozifuta hizo pamoja na Partition 3, zote nne, zikawa nafasi moja tupu, na Windows ikaziumba upya. Inafanya kazi, nami nimefanya mara nyingi kwenye mashine isiyo na data. Kwako siipendi, kwa kuwa kidole kinachobonyeza Delete mara nne mfululizo kinaweza kubonyeza ya tano.

Ukiiacha Partition 3 bila kuiformati ukabonyeza Next tu, Windows itakuambia kwamba ya zamani itahamishiwa kwenye folda ya Windows.old. Hiyo ni njia ya mwenye wasiwasi kwamba kuna faili kalisahau Desktop, na kama C ina nafasi ya kutosha sioni ubaya. Ila ujue folda ile Windows huifuta yenyewe baada ya siku chache, usiifanye ghala.

Haya, Windows mpya imewaka. Sasa chomoa flashi, na kabla hujaweka Office, kabla ya programu ya matokeo, kabla hata ya printa, panga herufi. Mpangilio huu wa kazi ndio jibu la swali lako la pili. Kila programu utakayoiweka itaandika mahali fulani ndani yake herufi inayoikuta siku hiyo. Ukibadilisha baadaye unazivunja hizo, usipobadilisha umeivunja ya zamani.

Fungua Disk Management. Tuseme umekuta DVD imechukua D na MATOKEO imekuwa E. Herufi moja haiwezi kukaliwa na wawili, kwa hiyo huanzi na E, unaanza kwa kumtoa aliyekaa. Kile kijisanduku cha DVD kiko chini upande wa kushoto. Kibofye kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, halafu Change, na kwenye orodha ya herufi teremka mpaka Z. Mimi DVD zote ninaziweka Z, hazigombani na mtu tena. Kubali. Sasa nenda kwenye kile kipande cha MATOKEO, fuata njia ile ile, na safari hii D itakuwa imo kwenye orodha, kwa sababu imeachwa wazi. Ichague, OK. Litatokea onyo kwamba baadhi ya programu zinazotegemea herufi hii huenda zisifanye kazi. Siku nyingine onyo hilo ungelizingatia. Leo hakuna programu yoyote bado, jibu Yes. Papo hapo, bila kuzima mashine, MATOKEO imekuwa D.

Kama Disk Management inakusumbua, dirisha jeusi linafanya hayo hayo. Lifungue kwa Run as administrator, andika diskpart, kisha list volume. Itakuletea safu yenye namba, herufi, lebo na ukubwa, na hapo utaona faida ya jina ulilolitoa. Tuseme DVD ni Volume 0 na MATOKEO ni Volume 3: andika select volume 0, kisha assign letter=Z; halafu select volume 3, kisha assign letter=D. Soma namba zako, usizifuate hizi zangu. Na ndani ya diskpart kuna neno moja usiliandike kamwe, clean. Linafuta mpangilio wote wa vipande vya diski uliyoichagua, na haliulizi mara mbili.

C usijaribu kuibadilisha. Windows inakataa kuibadilisha herufi inayoishi, na wanaoilazimisha kwa kuhariri rejistri hujikuta wanaingia, wanatolewa, wanaingia, wanatolewa, mpaka wanapiga window tena.

Sasa weka Office, halafu fungua programu ya matokeo kutoka D. Lile kosa la mara ya mwisho lilikuwa na sababu ndogo. Access inapounganisha fomu zake na majedwali yaliyoko kwenye faili jingine, huandika njia nzima, kuanzia herufi. Ilikuwa inatafuta D:\ na kilichofuata, ikakuta D ni sahani tupu ya DVD, ikasema njia si sahihi. Haikuharibika kitu. Dakika tano za kubadilisha E kuwa D zingewapunguzia wiki ile nzima. Kama folda imekaa mahali pake na herufi imerudi, itafunguka kama jana. Linganisha na ile njia uliyoinakili, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi.

Huenda folda fulani za zamani, hasa zile za akaunti ya mtu, zikakuambia huna ruhusa ya kuzifungua. Usiogope. Akaunti yako mpya, hata ikiwa na jina lile lile, kwa Windows ni mtu mwingine. Bonyeza Continue, subiri ikupe ruhusa, kwa folda kubwa inaweza kuchukua muda.

Na ikitokea siku moja, baada ya Windows kujisasisha, ukaona kwenye This PC diski ngeni ya MB 600 hivi, nyekundu, inalalamika imejaa, hiyo ni ile Partition 4 yetu imepewa herufi kwa makosa. Iliwatokea watu wengi na Windows 10 ya Aprili 2018. Usiiformati wala usifute kitu ndani yake. Ingia diskpart, list volume, ichague kwa namba yake, andika remove letter= na herufi iliyopewa. Itaondoka machoni na itabaki mahali pake ikifanya kazi yake.